Majengo yanapanda Unguja na Pemba, pesa ya ujenzi inatua kwa nani?

Timazi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi, na wale wa imani nyengine nawasalimu kwa heshima.

Siku hizi hakuna hotuba ya uchumi wa Zanzibar inayokwisha bila ya kutajwa ujenzi. Barabara za juu za Mwanakwerekwe na Amani, Terminal 3 ya uwanja wa ndege iliyofunguliwa 2021, uwanja wa mpira wa Amaan uliotoka kwenye ukarabati Desemba 2023, skuli za ghorofa, hospitali za wilaya, masoko, majumba ya Fumba. Sibishani, macho ninayo. Mimi ni mwashi. Nilianza kwa kubeba karai na sasa nachukua kazi kwa jina langu. Nyinyi mkipita mnatazama jengo, mimi natazama nani kasimama juu ya mirunda.

Sababu ya kujenga sana iko wazi. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Karibu nusu yetu, 893,169, tumejazana Mkoa wa Mjini Magharibi, na kila mmoja anataka paa. Juu yake kuna wageni: 538,264 mwaka 2019, wakaporomoka hadi 260,644 mwaka wa korona, wakarudi na kupindukia, 638,498 mwaka 2023. Hoteli zikajengwa kutoka Nungwi mpaka Makunduchi na hazijesha. Serikali nayo inakopa na kujenga.

Suali langu ni moja. Shilingi inayoingia kwenye ujenzi, kiasi gani inabaki kwa mtu wa visiwa hivi? Ninavyoona mimi, mwenye mkataba mkubwa katoka nje. Kazi inashushwa kwa mkandarasi mdogo, huyo anampa fundi mkuu, fundi mkuu anaokota vibarua asubuhi barabarani. Kila ngazi inakata chake. Wa mwisho karatasi hana, bima hana, mlango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, hajui uko upande gani. Halafu jioni redioni tunaambiwa sekta imekua.

Wenye elimu ya hesabu mpo humu, tufungueni macho. Na mafundi wenzangu semeni hali zenu, ila bila ya kutaja kampuni ya mtu.

---

Mpemba_Asili

Yakhe umeniwahi. Mimi niko Wete. Huku mfuko wa saruji ukifika kwa jahazi kutoka Tanga una bei yake, na ukipitia bandari ya Malindi, Unguja, kisha ukavushwa tena mpaka Mkoani una bei nyengine, na zote mbili si ile ya Unguja. Mwenye nyumba akishalipa vifaa, anapogeuka kwa fundi mfuko ushatoboka. Ndipo anaposema "tutaelewana". Hiyo tutaelewana ndiyo mkataba wetu Pemba.

---

Kibanda_Maiti

Nafuatilia uzi. 👀

---

HesabuZaTaifa

Timazi, umeuliza moja lakini ndani yake mna matatu.

La kwanza ni ujenzi unavyohesabiwa. Pato la Zanzibar linahesabiwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, mbali na la Bara. Ujenzi umewekwa ndani ya kundi kubwa la viwanda, pamoja na uzalishaji, umeme, maji na uchimbaji. Na kinachoingia kwenye hesabu si thamani ya mkataba. Ukisikia barabara ya mabilioni, usidhani mabilioni yote yameingia kwenye pato letu. Unatoa kwanza lami, nondo, saruji, dizeli, vipuri, kila kilichonunuliwa kwa mwengine. Kinachobaki ni thamani iliyoongezwa: ujira, faida na uchakavu wa mitambo. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba imegharimu milioni 60 na vifaa vimekula 40. Mchango wa ujenzi hapo ni milioni 20. Saruji ilishahesabiwa kiwandani kwake, Wazo Hill, Tanga au Mtwara, kwenye vitabu vya Bara. Sisi tunapata nauli ya chombo na faida ya mwenye duka, na hizo zinaandikwa kwenye usafirishaji na biashara.

Ndiyo maana kuilinganisha Zanzibar na Bara kunapotosha. Kule ujenzi ni kiasi cha asilimia 13 hadi 14 ya pato, na nyuma yake wana viwanda vya saruji na vya nondo. Barabara ikijengwa Dodoma inaamsha kiwanda Dar. Ikijengwa Pemba, inaamsha kiwanda hicho hicho cha Dar.

La pili, mkandarasi wa nje. Pato la ndani linahesabu kazi iliyofanyika hapa bila ya kujali kampuni ya nani. Faida ikishavuka kwenda kwao inatolewa kwenye kipimo chengine, kile cha mapato ya wakaazi, ambacho redioni hakisomwi. Kwa hiyo sekta inaweza kukua kweli, na wewe usione kitu, na wote wawili mkawa mnasema kweli.

La tatu watu wengi hawalijui. Nyumba unayojijengea mwenyewe kwa tofali za kudunduliza nayo inahesabiwa, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za hesabu za taifa. Hakuna risiti, kwa hiyo wakadiriaji huangalia vifaa vilivyoingia nchini na vilivyouzwa, wakarudi nyuma kukisia kazi iliyofanyika. Yule fundi wako asiye na karatasi yumo kwenye pato la taifa, lakini kwa kukisiwa.

---

Timazi

Hapo kwenye kukisiwa umenichoma. Kwa hiyo serikali inajua nimejenga, haijui nimelipwa?

---

HesabuZaTaifa

Kwa ujira kuna utafiti wa nguvukazi, kama ule wa 2020/21. Wanapita majumbani na kuuliza watu kazi zao. Lakini huo ni wa sampuli na unakuja baada ya miaka, si wa kila robo mwaka kama pato. Kumbuka pia 2020 ndio mwaka uchumi wetu ulikua kwa asilimia 1.3 tu, hoteli zimefungwa, kwa hiyo picha ya mafundi ya wakati ule si ya leo.

---

BintiFuoni

Naomba kuuliza, kaka HesabuZaTaifa. Mimi nimesoma umeme wa majumbani Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kituo cha Mwanakwerekwe. Sasa hivi nimeajiriwa na hoteli moja ya shamba, natengeneza mitambo yao na wakiongeza vyumba natandika nyaya mpya. Mimi ni wa ujenzi au wa utalii?

---

HesabuZaTaifa

Dada, kwa kazi yako wewe ni fundi umeme. Kwa shughuli ya mwajiri wako, umehesabiwa hoteli. Ukitoka hapo ukaajiriwa na kampuni ya kutandika umeme, unakuwa wa ujenzi bila ya kubadilisha hata bisibisi.

Na si wewe tu. Mama anayepiga kokoto shamba yumo kwenye uchimbaji. Kijana wa tofali za saruji yumo kwenye uzalishaji. Anayechora ramani na mhandisi mshauri wako kwenye huduma za kitaalamu. Mlinzi wa saiti, ikiwa kaletwa na kampuni ya ulinzi, si wa ujenzi. Anayeuza fleti baada ya jengo kwisha yuko kwenye biashara ya milki, yaani majumba na ardhi. Ukisoma idadi ya "wafanyakazi wa ujenzi" jua hao wote wametolewa. Ukiwaunganisha, jengo moja linalisha watu wengi zaidi kuliko jadweli inavyoonesha, na miongoni mwa waliotolewa mna wanawake. Wa kokoto hasa.

---

BintiFuoni

Wa kokoto hata kwenye mazungumzo yenu wasingetajwa kama nisingeuliza. 😏

Niseme na hili. Darasani tulikuwa wasichana wachache kwenye umeme, kwenye uashi ndio karibu hakuna. Tukitoka na vyeti, fundi mkuu anakuuliza "utapanda mirunda na hilo baibui?" Nilipanda. Suruali ndani, baibui likabaki kwenye mkoba. Kinachotukwamisha si mirunda. Kazi zinatolewa alfajiri, mafundi wanapochukuana kwa kujuana, na hapo mwanamke hasimami. Kinyasini kina mama wamefundishwa sola na wanafunga taa kwenye vijiji vyao, kwa sababu ile kazi iliwafuata kwao. Wafundisheni watu, lakini angalieni na mahali kazi inapogaiwa.

---

Fundi_Tanga

Wakuu habari. Mimi wa Bara, nipo Unguja miaka sasa, vigae na jasi. Najua hapa patafika kwenye "wabara wametujazia saiti" kwa hiyo nijibu mapema kabisa. Tumekuja kwa sababu tumeitwa. Hoteli inapofunguliwa Desemba, mwenye mali anataka kazi usiku na mchana kuanzia Agosti. Anatafuta mafundi hamsini wa aina moja kwa mpigo. Hapa hawapatikani hamsini, si kwamba hawajui, wapo kazini kwengine au wapo kwenye karafuu. Mkandarasi anapiga simu Tanga na Dar, kesho yake tupo bandarini na mabegi.

Na hatulipwi vizuri kama mnavyodhani. Tunalala saiti, tunachangia sufuria, hela ya mwisho inacheleweshwa mpaka unaona nauli inakuishia. Kitambulisho cha mkaazi hatuna, ukidhulumiwa unaona aibu hata kwenda kwa sheha wa mtaa.

---

Mpemba_Asili

Fundi Tanga, la karafuu umesema kweli tupu. Msimu ukiwa mkubwa, huku saiti zinabaki na mlinzi na paka. Kijana akichuma kwa pishi anapata zaidi ya kubeba zege, na anarudi kwao mchana. Huwezi kumlaumu. Mkandarasi mwenye akili anapanga kumwaga jamvi la zege kabla ya msimu, anaacha plasta na rangi kwa waliobaki. Wale wageni wasioijua Pemba wanasaini kazi ya kumaliza Disemba, mwaka wa karafuu nyingi, halafu wanashangaa.

---

Mkandarasi_wa_Chini

Nimesoma yote. Mimi nina kampuni ndogo, imesajiliwa, ipo hai kwa rehema za Mungu. Mwanzisha uzi umesema mwenye mkataba mkubwa katoka nje, watu wakaitikia, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini.

Chanzo kikubwa ni mkopo wenyewe. Terminal 3 ilijengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China na mjenzi akawa Beijing Construction Engineering Group. Hilo si la ajabu: mikopo nafuu ya benki ile ina sharti kwamba angalau nusu ya manunuzi yatoke China. Mikopo inayodhaminiwa na wakala wa mauzo ya nje wa Uingereza nayo inataka asilimia 20 au zaidi ya mkataba iwe bidhaa na huduma za Uingereza. Anayekukopesha anakopesha kiwanda chake kwanza. Kwa hiyo kabla zabuni haijatangazwa, sehemu ya kazi ishatoka mikononi mwetu. Mimi siwalaumu waliokopa, uwanja wa ndege tulikuwa tunauhitaji. Lakini tusijifanye tulishindanishwa tukashindwa.

Kwa kazi zinazobaki, skuli, zahanati, ofisi, tatizo ni dhamana. Kuomba zabuni unataka dhamana ya benki. Ukishinda unataka dhamana ya utekelezaji. Ukitaka malipo ya awali, dhamana nyengine. Benki inasema leta hati ya nyumba. Ardhi yetu yote ni ya serikali tangu Mapinduzi, wewe una haki ya matumizi, na wengi wetu hata karatasi ya haki hiyo hatuna, tuna barua ya sheha na mashahidi. Benki haili barua ya sheha.

Halafu unaanza kazi kwa pesa zako. Unapeleka cheti cha malipo, yaani madai ya kazi uliyokwishafanya, mshauri anakikagua, wizara inakipitisha, kinakwenda fedha. Vibarua hawajui cheti. Ikifika Alkhamisi wanataka chao. Unakopa dukani saruji kwa bei ya mkopo. Kazi ikisha, sehemu ya pesa yako inashikiliwa mpaka muda wa kuangalia kasoro za jengo upite. Faida yote imo ndani ya hiyo iliyoshikiliwa. Ndiyo maana wakandarasi wadogo tunaonekana wababaishaji. Ukimuona kaacha kazi nusu, mara nyingi kaacha kwa sababu cheti kimekaa mezani kwa mtu.

Na ukweli mwengine uchungu: kwa hali hiyo kumsajilia kila kibarua ZSSF naona kama anasa. Sijasema ni sawa. Sheria ya Ajira ipo tangu 2005 na sheria ya usalama kazini ni ya mwaka huo huo.

---

Timazi

Bwana Mkandarasi, hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Cheti kikikaa mezani wewe unasubiri faida. Kijana akianguka, yeye anasubiri nini? Siku ya 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ilipoporomoka wakati wa ukarabati, mafundi wawili walifariki. Jengo lilipigwa picha dunia nzima, limejengwa 1883, Sultan Barghash, urithi. Waliokufa walikuwa watu wa kazi kama sisi. Nani anakumbuka majina yao humu? Na ile ilikuwa kazi kubwa, yenye mkataba. Sasa fikiria kisima cha Kiembesamaki au shimo la choo la nyumba ya ghorofa tatu huko Chuini.

---

Mkandarasi_wa_Chini

Nakubali. Sina la kujibu hapo.

---

Ngambo64

Wanangu, nimekaa kimya nawasoma. Mimi ni mtu mzima, kazi ya uashi niliianza kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Mnazungumza kama kwamba fundi wa Zanzibar anazaliwa tu. Sisi tulifunzwa na majumba ya maendeleo. Wajerumani wa Mashariki walikuja baada ya Mapinduzi, wakajenga Kikwajuni na Kilimani, wakachora na mpango wa mji mpya. Kisha Mzee Karume akataka Michenzani, yale majumba marefu mnayoyaona mpaka leo. Mkono uliojenga ulikuwa wetu. Watu walipelekwa kazi za kujitolea, na nisiwadanganye, wengine walikwenda kwa kupenda na wengine kwa kuogopa. Lakini pale palikuwa na fundi aliyejua na vijana kumi chini yake, na kazi haikuisha mwezi mmoja, ilikwenda miaka. Ukitoka hapo unajua kufunga nondo, kupiga timazi, kusoma ramani. Majumba kama yale yakajengwa na Pemba, Chake, Wete, Mkoani, Micheweni, kote huko vijana wakajifunza.

Leo kazi ni nyingi kuliko zama zile mara kadhaa. Lakini kijana anakaa saiti wiki sita, kapewa kubeba tu, kazi ikisha katoka vile alivyoingia. Mradi unaingiza kila kitu, fundi wake, kokoto yake, hata mpishi wake. Hizi barabara za juu mnazozisifu, vijana wetu wangapi wametoka pale wanajua kuzijenga? Hilo ndilo ningeliuliza bunge kama ningekuwa na ulimi wa baraza.

---

Chokaa_na_Boriti

Mzee Ngambo shikamoo. Umenikumbusha upande wa Mji Mkongwe, ambao mimi ndiko ninakolia.

Huko soko la kazi limepinduka kabisa. Nyumba za mawe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba umewekwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ukuta ule unapumua. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, chumvi inasukuma, plasta inabanduka na jiwe linaoza ndani. Fundi anayejua kuchoma chokaa, kuiweka mpaka ikomae na kuipiga kwa tabaka ni mtu wa kutafutwa kwa tochi. Wachache waliopo wengi walifunzwa kwenye miradi: ile ya Aga Khan ya Zahanati ya Kale miaka ya 1990, na baadaye ukarabati wa kanisa la Anglikana la Mkunazini. Miradi imekwisha, darasa nalo likafungwa.

Kinachoniumiza ni bei. Mwenye nyumba akiletewa bei ya chokaa na bei ya saruji, anachukua saruji, inakauka haraka. Mamlaka ya Mji Mkongwe ina masharti yake, lakini mtu anapiga plasta yake usiku wa Ijumaa na Jumamosi asubuhi ishapakwa rangi. Kwa hiyo fundi wa chokaa, aliyesota kuijua kazi, anakwenda kujenga ukuta wa tofali Mbweni kama sisi wengine. Mji umetangazwa urithi wa dunia tangu 2000 na kazi iliyoujenga haina mtu wa kuilipa.

---

Ughaibuni_Leicester

Samahanini, mimi niseme upande wa mwenye pesa. Nimetuma hela kujenga Pemba. Fundi alinunua mchanga wa pwani, akasema mzuri, mweupe. Nguzo zimepasuka, nondo zinaonekana zimekula kutu. Nyinyi mnalia hamlipwi, sisi tunalia tumelipa. Tena vigae vimepandana kama meno ya mamba. Fundi ukimpigia simu yuko msibani, kila wiki msiba.

---

Mpemba_Asili

😂 Hao wafu wa mafundi wangehesabiwa kwenye sensa tungepungua.

---

Timazi

Ndugu wa Leicester pole, na nguzo zako zichunguzwe na mhandisi, usizipake plasta juu ukazisahau. Mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege inakula nondo kutoka ndani, chuma kinavimba, zege linapasuka. Kila mwashi wa maana anajua.

Lakini na wewe jiulize kwa nini kaununua. Mchanga halali unatoka machimbo yanayosimamiwa, kama yale ya Donge Chechele kwa Unguja, una kibali, una foleni, na bei yake imepanda kwa sababu kisiwa ni kidogo na kila tipa linaacha shimo shambani kwa mtu. Serikali inabana, na ina haki ya kubana. Sasa mwenye pesa yuko mbali, kampa fundi jumla moja: mchanga, kokoto, ujira, vyote humo humo. Fundi kila anachokipunguza kwenye mchanga kinaingia mfukoni kwake. Nani kapanga hivyo? Usimpe fundi pesa ya vifaa na ya kazi katika bahasha moja. Vifaa nunua wewe au ndugu yako, kwa risiti, fundi mlipe kazi.

---

Ughaibuni_Leicester

Ndugu yangu ndiye aliyenunua mchanga. 🤦🏽‍♂️

---

Fundi_Tanga

Hahaha hiyo kesi ya familia sasa, sisi tusiingie.

---

KIST_2016

Mimi nimemaliza KIST, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, upande wa ujenzi. Wenzangu niliosoma nao wako wapi? Mmoja benki. Wawili wanauza simu Darajani. Mmoja Muscat. Mimi niko saiti, cheo changu "msimamizi", ujira wangu unakaribiana na wa fundi mzuri wa jasi, na yeye anaondoka saa kumi, mimi naandika ripoti mpaka usiku. Tunasema hatuna wataalamu, kumbe tunao, wamekimbia. Kijana akiona hoteli inamlipa mapokezi kwa kiyoyozi, kwa nini aje kuchomwa na jua la Matemwe?

Pia kampuni kubwa zinataka uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu unaupata kwao. Mlango unafunguka kwa ndani tu.

---

HesabuZaTaifa

KIST_2016, unalolisema linaonekana na kwenye umbo la sekta yenyewe. Ujenzi hauendi sawa kama duka. Mradi mkubwa ukianza unapandisha takwimu za robo ile, ukisha unazishusha, na mvua za masika zinaziinamisha tena. Kampuni ikijua kazi haina mfululizo haiajiri, inakodi. Ikikodi, haifunzi mtu, kwa sababu atakayefaidi ni mwajiri wa kesho. Michenzani ya Mzee Ngambo ilikuwa na jambo moja ambalo miradi ya sasa haina: kazi iliyofuatana miaka, mjenzi mmoja. Sisemi turudi kwenye kulazimishana. Nasema mwenye kazi mkubwa kuliko wote visiwani ni serikali, na inaweza kuandika ndani ya zabuni kwamba kila skuli ya ghorofa itoke na vijana kadhaa waliofunzwa na kupimwa na Mafunzo ya Amali hapo hapo saiti, na cheti cha mwisho cha malipo kisitoke mpaka hao waonekane. Mkandarasi wa nje atakuwa na sababu ya kumfundisha mtu nondo badala ya kumbebesha.

---

Mkandarasi_wa_Chini

Mkiandika hilo, andikeni na lini nitalipwa. La sivyo mimi ndiye nitakayebeba darasa.

---

BintiFuoni

Na muandike wasichana wangapi.

---

Mpemba_Asili

Mimi nina suali la kweli, si la serikali. Nimepata kazi ya nyumba ya vyumba vinne Konde. Mwenyewe yuko Dubai. Kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, ndani yake hamna hata bei moja. Bwana Mkandarasi, nimuandikie nini mtu kama huyu ili tusije tukagombana?

---

Mkandarasi_wa_Chini

Muandikie ukurasa mmoja, mpigie picha, ajibu "nimekubali" kwa maandishi, si kwa sauti. Usimpe bei ya chumba. Chumba chake na chumba chako havilingani. Ukuta mpe bei kwa tofali iliyowekwa, mpaka lenta. Msingi mbali, kwa sababu hujui utakuta nini chini, Konde kuna mahali pana udongo na mahali ukigonga ni jiwe. Zege la jamvi mbali. Plasta kwa mita, ndani na nje tafauti. Malipo yafuate hatua: msingi ukisha analipa, kozi ya lenta ikifika analipa, asipolipa unasimama na hakuna anayemdai mwenzake. Andika nani ananunua vifaa, na kikipungua siku zinahesabiwa juu ya nani. Andika majina ya vibarua na ujira wao, wakiumia nani anapeleka hospitali. Na vijana wako waulizie mpango wa hiari wa ZSSF, wanapokea hata wasio na mwajiri.

---

Mpemba_Asili

Na maji ya kumwagilia zege wiki nzima? Mfereji wa Konde wewe huujui.

---

Mkandarasi_wa_Chini

Maji ni kifaa. Yake yeye. Wewe unalipwa mtu wa kumwagilia, asubuhi na jioni, siku saba. Liandike hilo kwa herufi kubwa, ndilo wanaloliruka wote.